Lindi: Kabila Kura, Kabila Kodi

Kila uchaguzi ukikaribia, husemwa kwamba watu wa Kibera, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, hupiga kura kwa kabila. Huo ni nusu ya ukweli. Katika Lindi, kijiji kimoja cha Kibera, kabila la mtu kwa muda mrefu limeashiria pia kama yeye hulipa kodi ya nyumba au huipokea.

Chanzo ni ukoloni. Askari wa Kinubi wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles, wenye asili ya Sudan, waliruhusiwa kukaa katika msitu uliokuja kuwa Kibera, kando ya Nairobi, lakini bila hati ya ardhi. Waingereza waliigawa nchi kwa rangi na kabila: Wazungu na nyanda zao za juu, kila kabila na hifadhi yake. Mnubi alihesabiwa mgeni, akakosa hifadhi. Baada ya uhuru, familia nyingi za Kinubi ziliishi kwa kupangisha vyumba, na Wajaluo, Waluhya na Wakamba waliokuja kutafuta kazi wakawa wapangaji.

Ndiyo maana mwaka 2001, Rais Moi na Raila Odinga, wakati huo waziri na mbunge wa Lang'ata, waliposema kodi ya Kibera imezidi, kauli hiyo haikusikika kama sera ya nyumba. Mpangaji alisikia haki. Mnubi alisikia tishio. Ghasia zikazuka, watu wakafa. Ilhali wenye nyumba wengi hawakuwa Wanubi, na wengine hata hawakuishi Kibera. Hao walioishi mbali, ugomvi haukuwafikia.

Juni 2017, miezi miwili kabla ya uchaguzi, Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi Wanubi hati ya ekari 288. Kwao ilikuwa haki iliyochelewa. Miaka sita kabla ya hapo, kamati ya Umoja wa Afrika ya haki za watoto ilikuwa imeamua kwamba Kenya iliwabagua watoto wa Kinubi katika suala la uraia. Kwa mpangaji, hati hiyohiyo ilizua swali: je, tutafukuzwa?

Hofu zote mbili, ya Mnubi kupoteza ardhi na ya mpangaji kufukuzwa, zina msingi, na mwanasiasa anayechochea moja dhidi ya nyingine hapunguzi kodi wala halindi ardhi ya mtu. Mgombea akija Lindi, msimwulize ni wa nani. Mwulizeni atamlindaje mwenye hati, na atamlindaje anayelala chini ya mabati ya mwenzake. Asiyejibu yote mawili hastahili kura ya yeyote kati yenu.