Muziki mtamu, mkanda uko wapi?

“MAMA, mkanda wangu uko wapi?” Mwanangu aliniuliza swali hilo tulipokuwa tukiondoka Ukunda kwenda Msambweni. Muziki ulikuwa ukirindima vizuri, kwani gari lilikuwa limetoka kwa fundi siku iyo hiyo. Nilipapasa kiti cha nyuma nisiuone. Fundi alikuwa amekirudisha kiti juu ya mkanda!

Mpenzi msomaji, ukisimama kwenye njia panda ya kuelekea Diani, utaisikia matatu ya Likoni au Lunga Lunga kabla hujaiona. Si ajabu wenye magari ya kibinafsi nao wautamani mdundo huo. Lakini mdundo huo huhitaji amplifaya, nayo hula umeme mwingi. Ya wati 500, kwenye betri ya volti 12, hudai zaidi ya ampea 40. Hiyo ni zaidi ya mara nne ya taa mbili kubwa za mbele za kawaida.

Kwa hivyo waya mnene hutoka kwenye betri, ukapita chini ya zulia hadi kwenye buti. Ndiyo maana kiti cha nyuma hung’olewa. Fundi mwenye pupa huusukuma tu waya chini ya kiti bila kukitoa. Abiria watatu wakikaa, chuma cha kiti huusaga waya hadi ukabaki uchi. Ukigusa bodi, cheche huruka. Juu yake kuna sponji, na katika magari mengi madogo, chini yake kuna tangi la mafuta.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, waya hasi wa betri utolewe kabla ya kazi kuanza. Kiti chenyewe aghalabu huinuliwa kwa ukingo wa mbele, au hufunguliwa boliti kwa spana.

Fyuzi ikae karibu na betri, isizidi shubiri mbili. Ikiwekwa nyuma kwenye amplifaya peke yake, haitaukinga waya wote ulio katikati. Waya unapopenya ukuta wa chuma wa injini, uvishwe pete ya mpira usikatike.

Waya wa umeme upite upande mmoja wa gari, na ule wa kutoka kwenye redio upite upande wa pili. Vinginevyo spika zitalia pamoja na injini.

Waya wa kurudisha umeme kwenye bodi uwe mfupi. Rangi ikwanguliwe hadi chuma kionekane, na baada ya kukaza, pakwe grisi. Upepo wa chumvi wa pwani yetu hauna huruma na chuma.

Mwisho, usilipe kabla ya kuvuta kila mkanda na kuufunga mwenyewe. Kama boliti yake ilifunguliwa, hakikisha imekazwa barabara.

Siku ile tulirudi Ukunda polepole, muziki umezimwa. Wahenga walisema: tahadhari kabla ya hatari.