Kesi Ndogo ya Zamani Isikupeleke Njia za Panya

Wapo wakazi wa Busia waliowahi kutozwa faini kwa kuchuuza bila leseni, kunywa chang'aa au kupigana sokoni. Miaka imepita, lakini wanapotaka kwenda Uganda huogopa kituo cha mpakani na kupita njia za panya. Hapo ndipo hujiingiza taabani upya, kwa kuwa kuvuka bila kupitia uhamiaji ni kosa, hata kama kesi ya kwanza ilikwisha zamani.

Sheria inasemaje?

Kifungu cha 39 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutoka Kenya, na kila raia haki ya kuingia na kuishi popote nchini. Faini uliyokwisha kulipa haikuondolei uraia. Hata hivyo, nchi unayoenda ina uamuzi wake. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inaruhusu wananchi kutembeleana, lakini nchi mwanachama inaweza kumzuia mgeni kwa sababu za usalama, utulivu au afya ya umma.

Busia na Malaba

Tangu 2014, Mkenya anaweza kuingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha kitaifa. Kwa Tanzania, beba pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Kwa safari ya kawaida ya soko au kumtembelea jamaa, huhitaji cheti cha tabia njema. Fika kituoni, onyesha kitambulisho, uandikishwe.

Safari za mbali na kazi

Ubalozi au mwajiri wa ng'ambo anaweza kudai cheti cha tabia njema. Hutolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI. Omba kupitia eCitizen, kisha upeleke alama za vidole katika kituo cha Huduma. Kichukue mapema, kabla ya kumlipa wakala, ili ujue rekodi yako inasema nini.

Fomu ikiuliza kuhusu kesi za zamani, jibu kweli. Fomu ya visa ya Marekani huuliza kama umewahi kukamatwa au kuhukumiwa, hata kama ulisamehewa. Kosa dogo la zamani mara nyingi huweza kuelezwa, lakini uongo huharibu zaidi: anayedanganya anaweza kufungiwa Kanada kwa miaka 5, na Uingereza kwa miaka 10.

Iliyokwisha na iliyoachwa

Ikiwa uliachiliwa kwa dhamana na hukurudi kortini, kesi yako haijaisha na huenda kuna waranti ya kukukamata. Pata ushauri wa wakili, kisha ulimalize jambo hilo mahakamani kabla ya kusafiri.

Ikiwa kesi ilikwisha, fanya haya:

- Tunza risiti ya faini.
- Omba nakala ya hukumu iliyothibitishwa katika masjala ya mahakama iliyokuhukumu.
- Andika tarehe, kosa na adhabu kama zilivyo kwenye hukumu, na usibadilishe maelezo kutoka fomu moja hadi nyingine.
- Usimpe mtu yeyote hongo ili "afute" rekodi yako. Hongo ni kosa jipya, tena kubwa kuliko lile la faini.