SABUNI: BEI YA MAFUTA IKIBADILIKA, VIPIMO NAVYO VIBADILIKE

Mafuta ya nazi yanapopanda bei, mtengenezaji mdogo wa sabuni ya mche hukimbilia mawese. Uamuzi huo ni wa kibiashara, na huenda ukawa sahihi. Hasara huanzia pale anapobadili mafuta na kuacha kipimo cha kostiki soda kilekile.

Chanzo ni kemia ya esta. Esta hupatikana asidi inapoungana na alkoholi na kutoa maji. Esta nyepesi huruka hewani na kunukia: ipo inayozipa peremende harufu ya ndizi, na nyingine huondoa rangi ya kucha. Zikiungwa kwa mnyororo mrefu huwa poliesta, uzi wa mashati na magauni.

Mafuta ya kula nayo ni esta. Ndani yake asidi tatu zimeshikana na gliserini moja. Kostiki soda huvunja viungo hivyo: asidi huchukua sodiamu ikawa sabuni, na gliserini hubaki huru. Mfaransa Michel Eugène Chevreul alieleza jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1823.

Asidi za nazi ni fupi kuliko za mawese, hivyo kilo moja ya nazi ina viungo vingi zaidi vya kuvunja. Kilo 100 za mafuta ya nazi huhitaji soda safi kiasi cha kilo 18.3, mawese, kilo 14.1 tu. Anayehama bila kupima upya hubakiza zaidi ya kilo 4 za soda ndani ya sabuni. Mche huo huunguza mikono ya mlaji, naye harudi tena dukani. Aidha, fedha ya soda hiyo imepotea bure. Anayetoka mawese kwenda nazi hupata kinyume chake: mche laini, wenye mafuta yasiyoiva, ambayo baadaye huchacha.

Kwa mchanganyiko wa nusu kwa nusu, hesabu ni kilo 16.2. Wenye uzoefu hupunguza asilimia 5 ili soda isizidi, yaani hutumia kilo 15.4 hivi.

Kwa hiyo, kabla ya kufurahia mafuta ya bei nafuu, mtengenezaji ashike kwanza mizani.