Mawazo mingi: mambo niliyoelewa kwa kuchelewa juu ya stresi



Kila mara kipindi cha mitihani kinapokaribia, ninakumbuka mwaka wangu wa pili hapa Bukavu. Nilikuwa sijamaliza kulipa minervali, na majina ya wenye deni yalikuwa yamebandikwa mlangoni. Mtihani wa takwimu ulikuwa umebakiza siku tatu. Hizo siku tatu karibu sikulala. Umeme ukikatika, ninasoma na tochi ya simu. Simu ikizima, ninakimbilia kwa jirani. Siku ya mtihani nikafungua karatasi, na kichwa kikawa kitupu. Hata fomula niliyoandika mara ishirini haikuja. Mikono inatetemeka, moyo unapiga kama mtu aliyepanda Kadutu mbio. Nikatoka nikisema: kuna mtu ananifanyia kitu.

Hakuna mtu aliyenifanyia kitu. Ilikuwa stresi, na stresi iko na njia yake ya kufanya kazi. Afadhali tuijue.

Mwili wako ukiona hatari, unamwaga adrenalini ndani ya damu, kisha kortizoli. Moyo unaenda mbio, pumzi inakuwa fupi, misuli inakazika: uko tayari kupigana ao kukimbia. Hiyo ni nzuri ukikutana na mbwa mkali njiani. Shida ni kwamba mwili hautofautishi sana mbwa na deni ya minervali. Mwaka 1936, Hans Selye, mtafiti aliyefanya kazi Montreal kule Kanada, alieleza jinsi mwili unavyojibu mzigo. Kuko hatua tatu: kwanza mwili unashtuka, halafu unakaza na kuvumilia, na mzigo usipoondoka, mwishoni unachoka kabisa. Sisi wanafunzi wengi tunaishi katika ile hatua ya pili mwaka mzima, tunafikiri ndiyo maisha ya kawaida.

Stresi kidogo si adui. Bila hiyo, nani angefungua silabusi? Lakini ikizidi, inazuia kichwa kutoa kile ulichohifadhi. Tena usingizi ndio saa ambayo ubongo unapanga na kushikilisha mambo uliyosoma mchana. Kwa hiyo mimi niliyekesha siku tatu nilikuwa kama mtu anayechota maji na ndoo yenye tundu.

Sasa niwaambie jambo ambalo linaniuma zaidi kuliko ule mtihani.

Nilikuwa ninakaa chumba kimoja na rafiki, tutoke wote promosioni moja. Nyumbani kwao vita iliwahamisha, na pesa ikaacha kuja. Alianza kulala mchana, akaacha kuoga, bugali anagusa vitonge viwili tu. Akagawa silabusi zake. Jioni moja akaniambia: "Ndugu, ingekuwa vizuri nilale na nisiamke." Mimi nikacheka. Nikamwambia: "Acha utoto, mwanaume anavumilia." Nilifikiri ninamtia nguvu. Kumbe nilikuwa ninafunga mlango.

Aliyeuona moto ni mama mwenye nyumba, ambaye hakusoma saikolojia popote. Alikuja akaketi karibu naye, akamwuliza polepole: "Mwanangu, uko na mawazo ya kujiua?" Mimi nilishtuka, nikaona mama anamtia wazo mbaya. Rafiki yangu akalia kwa mara ya kwanza, akasema ndiyo. Mama hakumhubiria. Alikaa naye usiku kucha, na asubuhi tukamfikisha kwa muuguzi, ambaye alimtuma kwa mtaalamu. Leo anafundisha, na iko na watoto wawili.

Baadaye ndipo nilijifunza kwamba mama alifanya sawasawa. Kumwuliza mtu waziwazi juu ya kujiua hakumpi wazo hilo. Kunampa nafasi ya kutua mzigo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 juu ya msaada wa kwanza wa kisaikolojia unaweka mambo matatu: angalia, sikiliza, unganisha. Angalia nani amebadilika. Sikiliza bila kumkata na bila kumhukumu. Unganisha naye na watu wanaoweza kumsaidia. Hakuna mahali panaandikwa "mwambie avumilie".

Tunasema sana kwamba Wakongomani ni watu wa kuvumilia. Ni kweli, na ninajivunia. Lakini ustahimilivu si kunyamaza. Mtafiti Emmy Werner na wenzake walifuata watoto waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, mpaka wakawa watu wazima. Kati ya wale waliokulia katika shida nyingi, karibu mmoja kwa watatu alikuwa mtu mzima mwenye maisha mazuri. Jambo moja lililowasaidia wengi wao: walikuwa na angalau mtu mmoja anayewajali kweli, kama bibi, mwalimu ao jirani. Kwa hiyo nguvu ya kusimama tena haiko ndani ya kifua chako peke yako. Iko pia kwa watu wanaokuzunguka.

Zimbabwe walielewa hiyo. Mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kufundisha mabibi wa mtaa kukaa kwenye benchi na kusikiliza watu. Kwa lugha yao ya Kishona, hali ile wanaiita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Si ndiyo ile sisi tunaita "mawazo mingi"? Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliopitia kwenye benchi walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Basi tufanye nini hapa kwetu? Lala, hata saa sita, hasa usiku wa kuamkia mtihani. Gawanya masomo vipande vidogo, na pumzika kati yake. Moyo ukianza kwenda mbio, vuta pumzi polepole, na uitoe polepole zaidi. Fanya dakika chache. Tembea, hata mpaka soko na kurudi. Deni ya minervali isikufunge mdomo: andika barua mapema kuomba kulipa kidogo kidogo, juu ukinyamaza wanafikiri hutaki. Na pombe, ndugu zangu, inakopesha usingizi halafu inadai na riba.

Lakini huzuni ikipita wiki mbili, ao ukishindwa kula, kulala na kusoma, usingoje. Ukiwa na mawazo ya kujiua, mwambie mtu leo hii, na usikae peke yako. Anzia kwenye kituo cha afya cha karibu. Bukavu kuko SOSAME, Goma kuko Tulizo Letu. Ni vituo vya afya ya akili, na kwenda pale si kuitwa mwendawazimu. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humfichua.

Na wewe ambaye uko sawa leo, angalia yule mnayekaa naye chumba kimoja. Ukiona amenyamaza kuliko kawaida, usimcheke kama mimi. Vuta kiti, umwulize, halafu umwache aseme.