Wahamiaji wa Rubondo

Mwalo wa Kasenda, wilayani Chato, hauna utulivu. Wavuvi wanateremsha samaki, wachuuzi wanavutana bei, injini za boti zinanguruma. Ng'ambo, mwendo wa nusu saa hivi kwa boti, kuna kisiwa chenye msitu mzito ambacho hakina kijiji, duka wala bodaboda, na hakuna mvuvi anayeruhusiwa kutega nyavu kandokando yake. Hicho ndicho Rubondo, hifadhi ya taifa iliyoko kusini magharibi mwa Ziwa Victoria, mkoani Geita.

Hifadhi nzima ina kilomita za mraba 456.8, na karibu nusu yake ni maji. Kisiwa chenyewe kina urefu wa kilomita 28 hivi kutoka kaskazini hadi kusini, na ndani ya mipaka ya hifadhi kuna pia visiwa vidogo karibu kumi. Sehemu kubwa ni msitu usiopukutisha majani mwaka mzima. Panapoishia msitu kuna vipande vya nyasi, na kwenye ghuba yameota matete na mafunjo.

Simba hayupo. Chui na fisi hawapo. Ndiyo maana mgeni wa Rubondo hutembea kwa miguu, akiongozana na askari wa hifadhi, badala ya kushinda garini akichungulia dirishani. Askari hubeba bunduki hata hivyo, maana tembo wapo, na kando ya maji kuna viboko na mamba.

Tembo hao walifikaje kisiwani? Waliletwa. Hapo ndipo Rubondo inapotofautiana na hifadhi nyingine nyingi za Tanzania: baadhi ya wanyama wake maarufu ni wahamiaji.

Zamani kisiwa hiki kilikaliwa na watu, wengi wao Wazinza, waliovua na kulima. Mwaka 1965 kilipofanywa pori la akiba, wakazi walihamishiwa visiwa vya jirani na bara. Mwaka 1977 kikapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa. Katikati ya miaka hiyo alikuwapo Bernhard Grzimek, Mjerumani aliyeongoza bustani ya wanyama ya Frankfurt na ambaye filamu yake kuhusu Serengeti ya mwaka 1959 ilimpa sifa dunia nzima. Grzimek aliiona Rubondo kama safina ya Nuhu: mahali pa kuhifadhia wanyama waliokuwa hatarini kwao, wakizungukwa na maji ambayo majangili wangepata taabu kuyavuka. Wakaletwa twiga, tembo, mbega weusi kwa weupe, na vifaru weusi.

Wakaletwa na sokwe, na kisa chao ndicho cha ajabu zaidi. Kati ya 1966 na 1969, sokwe wasiofika 20 walisafirishwa kutoka Ulaya wakaachiwa kisiwani. Wengi walikuwa wamekamatwa porini wangali wadogo, kisha wakaishi miaka kadhaa kwenye vizimba vya bustani za wanyama na maonyesho, wakilishwa na binadamu. Hawakupewa mafunzo yoyote. Milango ya vizimba ilifunguliwa, na kazi ya kujua lipi tunda na lipi sumu ikabaki kwao. Katika muda wa mwaka mmoja hivi walikuwa wakijitafutia chakula cha msituni na kujijengea viota vya kulalia. Wakazaana, na kizazi kilichofuata hakikuwahi kuuona uzio. Leo wajukuu na vitukuu wao humkimbia binadamu kama sokwe wengine wa porini, na ili wageni waweze kuwasogelea imebidi wafuatiliaji waanze upya kuwazoesha, taratibu, kwa miaka.

Si kila mhamiaji aliyepata bahati hiyo. Vifaru waliuawa na majangili wakaisha; maji hayakutosha kuwalinda. Kwa upande mwingine, mwaka 2000 kisiwa kilipokea kasuku wa kijivu walionaswa wakisafirishwa kimagendo, na wakaachiwa humo.

Wenyeji halisi nao wapo, na baadhi yao ni wagumu kuonekana. Wa kwanza ni nzohe, swala wa majini. Kwato zake ni ndefu na hutanuka anapokanyaga, hivyo hupita juu ya tope na mafunjo yaliyolala ambako pongo angezama. Manyoya yake yana mafuta yasiyoshika maji. Akishtuka hakimbilii nchi kavu: huingia majini na kujizamisha, akabakiza pua tu juu ya uso wa ziwa. Anayetaka kumwona hutoka alfajiri kwa boti, huzima injini mbali na mafunjo, kisha husubiri. Mara nyingi dalili ya kwanza ni unyasi unaotikisika pasipo upepo.

Wanaopenda ndege hawahitaji subira kiasi hicho. Aina zaidi ya 200 zimeorodheshwa hifadhini. Tai mla samaki, yaani furukombe, hukaa kwenye miti mirefu ya ufukweni na sauti yake husikika mbali. Minandi hupanga foleni juu ya mawe wakikausha mabawa, yangeyange huvizia penye maji mafupi, na midiria hupiga mbizi mbele ya boti. Fisi maji nao huonekana asubuhi, wakichezea majini karibu na miamba.

Uvuvi wa ndoano unaruhusiwa kwa kibali, jambo ambalo ni nadra katika hifadhi za taifa. Kivutio kikubwa ni sangara, samaki anayeweza kuzidi kilo 100. Uvuvi wa biashara ndio uliopigwa marufuku, na sababu inawagusa moja kwa moja watu wa Kasenda. Ghuba za Rubondo, zenye mafunjo na maji ya kina kifupi, ni mazalia ya samaki. Samaki wanaokulia humo huvuka mpaka wa hifadhi na kuingia kwenye nyavu za wavuvi wa nje. Doria za askari wanaokamata makokoro usiku ni kero kwa anayekamatwa, lakini bila hizo ghuba hizo zingekombwa kama nyingine nyingi ziwani.

Kufika si kazi ngumu kama zamani. Kutoka Mwanza msafiri alilazimika kusubiri kivuko Kigongo; tangu Juni 2025 anapita juu ya daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, kisha Geita hadi Chato na mwaloni. Njia nyingine ni boti kutoka Nkome, ambayo huchukua muda mrefu zaidi majini, au ndege ndogo inayotua kisiwani. Kageye, yaliko makao makuu ya hifadhi, kuna mabanda na hosteli za bei nafuu kuliko kambi za kitalii, ila mgeni hujibebea chakula chake. Juni hadi Agosti njia huwa kavu. Novemba hadi Machi hunyesha, lakini ndipo maua na vipepeo hujaa.

Anayekuja kwa ajili ya sokwe atavaa barakoa, atakaa mbali nao kwa mita kadhaa, na akiwa na mafua atabaki kambini, kwa kuwa ugonjwa mdogo wa binadamu unaweza kuua sokwe. Wafuatiliaji huanzia kwenye viota vya jana usiku, wakisoma maganda ya matunda na nyayo. Sokwe hulala kila usiku kwenye kiota kipya, pengine mbali sana na cha jana, kwa hiyo ni busara kupanga siku mbili au tatu za kuwatafuta.