Maji ya Mvua Kiwanjani: Upanuzi wa Viwanja Vidogo vya Ndege na Afya ya Majirani Zake

Mgonjwa wa Mbamba Bay au Liuli anayepewa rufaa ya kwenda Dar es Salaam hupanda kwanza milima ya Umatengo. Kutoka Mbamba Bay hadi Mbinga ni kilomita 66, na kutoka Mbinga hadi Songea ni takriban kilomita 100. Huko Songea ndiko kiliko kiwanja cha ndege cha umma ambacho katika miaka ya karibuni kimekarabatiwa na kurefushwa ili kupokea ndege za Dash 8 Q400 zenye viti 76. Urefu huo si anasa. Kiwanja kiko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya mwinuko, hasa mchana wa joto, ni nyepesi, na ndege huhitaji kukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kuinuka.

Faida kwa mgonjwa iko wazi. Hata hivyo, upanuzi wa kiwanja chochote, kikubwa au kidogo, huzaa swali ambalo wahudumu wa afya hawana budi kuliuliza mapema: maji ya mvua yatakwenda wapi?

Tufanye hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Chukua njia ya kurukia yenye urefu wa mita 1,800 na upana wa mita 30. Mvua moja ya masika yenye milimita 40 huangusha juu yake lita 2,160,000. Ardhi ya kawaida ingeyanywa mengi kati ya hayo. Lami haiyanywi. Yasipoongozwa vema, hukata makorongo katika mashamba ya jirani, au hutuama katika mifereji iliyoziba na katika mashimo yaliyochimbwa kifusi cha ujenzi. Mashimo hayo ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa mkandarasi huondoka nayo hubaki.

Mbu wa jamii ya *Anopheles gambiae*, mwenezaji mashuhuri wa malaria, hupenda madimbwi madogo yenye kina kifupi yanayopigwa na jua. Penye joto, yai huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa siku kumi hivi. Baridi ya Mbinga huchelewesha safari hiyo. Joto la ufukwe wa Ziwa Nyasa huiharakisha. Kwa hiyo dimbwi linalokauka ndani ya siku tatu halina madhara makubwa, bali linalodumu wiki mbili ni kiwanda cha mbu.

Dunia iliwahi kulipa gharama kubwa kwa mbu huyu. Mwaka 1930 aligunduliwa Natal, nchini Brazili, akiwa amevushwa bahari kutoka Afrika Magharibi kwa chombo cha usafiri. Maelfu ya watu walikufa kabla hajatokomezwa huko mwaka 1940. Leo Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 zinataka wadudu waenezao magonjwa wadhibitiwe hadi umbali usiopungua mita 400 kuzunguka maeneo ya shughuli katika vituo vya kuingilia nchini. Hata kiwanja kinachohudumia safari za ndani tu kingefanya vema kuazima kipimo hicho.

Maarifa ya kuzuia maji hayahitaji kuagizwa mbali. Wamatengo wamelima miteremko mikali kwa ngoro vizazi kwa vizazi: nyasi hukatwa na kulazwa kwa mistari inayokatana, kisha udongo wa katikati huchimbwa na kufunika nyasi hizo, hata yakabaki mashimo yaliyozungukwa na matuta. Maji hunaswa kidogo kidogo, yakanywewa na udongo pale pale, badala ya kukusanyika na kuwa mkondo mmoja wenye nguvu. Mhandisi anayepanga mifereji ya kiwanja katika nchi ya vilima angenufaika kwa kutembelea shamba la namna hiyo.

Mara nyingi mradi wa mazingira hueleweka kuwa ni kupanda miti siku ya sherehe. Miti ni mema, lakini karibu na njia ya kurukia huwa kizuizi na huvuta ndege wa angani, ambao ni hatari kwa injini. Afadhali mfereji uzibuliwe na shimo lijazwe. Pasipowezekana kujaza, vipo viuadudu vya kibayolojia vinavyotengenezwa Kibaha, ambavyo huua viluwiluwi majini.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaweka utaratibu wa tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi wana nafasi ya kutoa maoni. Ofisa afya wa kata na mhudumu wa zahanati ya jirani wahudhurie mikutano hiyo, wakidai ratiba ya kujaza mashimo iandikwe katika mkataba kabla kazi haijaanza.

Baada ya hapo ukaguzi ni rahisi. Siku ya tano baada ya mvua kubwa, chota maji ya dimbwi kwa upawa mweupe na utulie kidogo. Viluwiluwi vya *Anopheles* hulala sambamba na uso wa maji. Vya *Culex* huning'inia vichwa vikielekea chini. Andika tarehe, mahali na ulichokiona, kisha peleka nakala kwa meneja wa kiwanja.