Darasa la ubongo lililovuka mipaka iliyofungwa

Wafanyabiashara wa Malaba na Namanga hawajasahau katikati ya mwaka 2020: malori yamepanga foleni ndefu, madereva wanasubiri majibu ya vipimo vya korona, na mwenye mzigo wa kuoza hana usingizi. Miezi hiyohiyo watafiti vijana wa ubongo nao walikwama. Kozi zao za Ulaya na Marekani, ambazo hufanyika majira ya joto ya huko, zilifutwa au kuahirishwa.

Baadhi ya wahadhiri wakaona wasingoje. Wakaanzisha Neuromatch Academy, shule ya wiki 3 iliyoendeshwa yote mtandaoni Julai mwaka huo. Walisoma wanafunzi 1,757, wakiongozwa na wakufunzi wasaidizi 191. Kozi ya ana kwa ana huchukua makumi ya watu tu, tena kwa anayeweza kulipa ndege na kupata viza.

Wanasoma nini hasa? Ubongo wa binadamu una seli za neva takriban bilioni 86, na kila moja hupokea ishara ndogo za umeme kutoka kwa wenzake. Fikiria pipa linalovuja. Matone yakiingia polepole, maji huvuja na hakuna kinachotokea. Yakiingia kwa kasi, maji hufika kwenye alama, na hapo seli hurusha ishara yake, kisha pipa huanza upya. Mwanafunzi huandika habari hiyo kwa hesabu, huiendesha kwenye kompyuta kwa lugha ya Python, kisha hulinganisha na vipimo vya maabara. Kazi ya aina hii ndiyo inayosaidia kuchunguza jinsi kifafa kinavyoanza.

Waingereza Alan Hodgkin na Andrew Huxley walichapisha hesabu zao za neva mwaka 1952, wakitumia neva nene ya ngisi (ndiyo, jamaa wa huyu anayeuzwa Feri, Dar es Salaam) na mashine ya kukokotoa inayozungushwa kwa mkono. Mwaka 1963 wakapewa Tuzo ya Nobel.

Lakini hata darasa la mtandaoni lilikuta mpaka. Wanafunzi wa Iran walikuwa wamekubaliwa, kisha wakaambiwa hawawezi kushiriki kwa sababu ya vikwazo vya Marekani. Waandaaji wakaomba kibali kwa serikali ya Marekani, wakakipata, na Wairani wakaingia darasani. Aliyewahi kufuatilia karatasi moja forodhani anajua uzito wa jambo hilo.

Shule hiyo imeendelea kila mwaka. Ada hupangwa kwa kuangalia hali ya nchi ya mwanafunzi, na asiyeweza huomba kusamehewa. Masomo yenyewe yako wazi mtandaoni bure. Kompyuta ya kawaida inatosha, kwa kuwa hesabu nzito hufanywa na mashine za mbali. Gharama iko kwenye intaneti, na hapo mzazi asidanganyike: ni kama saa 8 kwa siku, siku 5 za wiki, video na mazungumzo. Bando la simu halitafika Jumatano.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa popote. Mwanao aliyehitimu fizikia, uhandisi au udaktari, ambaye ndiye anayekushikia duka ukienda kufuata mzigo ng'ambo, hatakuwepo dukani kwa wiki 3. Akihudumia wateja huku amevaa vipokea sauti, atawaangusha wenzake wa kikundi, maana mradi wa utafiti hufanywa kwa pamoja.

Anayetaka kukaa ana kwa ana na walimu aangalie kusini. Tangu 2017 Afrika Kusini imekuwa na Imbizo, kozi ya fani hiyohiyo inayofanyika Cape Town mwezi Januari, ambao huko ndio majira ya joto. Maombi hufungwa miezi kadhaa kabla, kwa hiyo barua ya mhadhiri ianze kutafutwa mapema, na pasipoti ikaguliwe kama haijaisha muda.